Uandishi wa kiufundi: Taaluma inayoanzia kwenye pakiti ya mbegu

MKULIMA anapotoka katika duka la agroveti mjini Kitale akiwa na pakiti ya mbegu za mahindi, huwa amenunua vitu viwili. Cha kwanza ni mbegu yenyewe. Cha pili ni maelezo yaliyochapishwa kwenye pakiti: mahali mbegu inapostawi, umbali wa mashimo na muda wa kungoja mavuno. Mbegu ikiwa njema na maelezo yakawa mabovu, msimu mzima waweza kupotea.

Maelezo hayo hayajiandiki. Kuna mtu aliyewauliza watafiti maswali, akapanga hatua moja baada ya nyingine na kuteua maneno ambayo mkulima atayaelewa akiwa shambani peke yake. Kazi ya mtu huyo ndiyo uandishi wa kiufundi.

Ni taaluma ambayo haitajwi sana wanafunzi wanaposhauriwa kuhusu ajira, na aghalabu wanaoisikia hudhani ni ya wataalamu wa tarakilishi jijini Nairobi. Hata hivyo, kijana wa Kitale au Bungoma mwenye lugha safi na ari ya kuuliza ana malighafi ya kazi hii mlangoni pake.

Kazi yenyewe

Mwanahabari huandika ili msomaji ajue. Mwandishi wa kiufundi huandika ili msomaji aweze kutenda. Kipimo cha makala yake ni kama msomaji alifaulu kufanya alichotaka kufanya, bila kuharibu kitu wala kuumia.

Matunda ya kazi hii yako kila mahali: mwongozo wa mashine ya kukobolea mahindi, lebo ya dawa ya wadudu, kitabu cha mafunzo ya wakulima, taratibu za maabara, maagizo ya kujaza fomu na maelezo ya programu za tarakilishi na rununu. Huduma ya M-PESA ilipozinduliwa mwaka 2007, mamilioni ya Wakenya walijifunza kutuma pesa kwa kufuata maneno machache yaliyopangwa hatua kwa hatua kwenye kiwambo kidogo cha simu. Maneno hayo nayo ni uandishi wa kiufundi.

Mizizi yake Magharibi ya Kenya

Katika Afrika Mashariki, kazi hii si ngeni. Shirika la East African Literature Bureau, lililoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1940, lilichapisha vijitabu vya Kiswahili na vya lugha nyingine za eneo hili kuhusu kilimo, afya na maisha ya nyumbani.

Kitale nayo ina historia yake. Kampuni ya Kenya Seed ilianzishwa huko mwaka 1956, ikijishughulisha kwanza na mbegu za nyasi za malisho. Katika kituo cha utafiti cha mji huo huo, watafiti walikuwa wameanza kuboresha mahindi, na mwaka 1964 mbegu chotara ya H611 ikatolewa kwa wakulima.

Mbegu chotara ilihitaji maelezo kuliko mbegu za kienyeji. Mkulima aliyezoea kuchagua magunzi mazuri na kuyahifadhi kwa msimu ujao alipaswa kuelezwa kwamba punje za mahindi chotara zikipandwa tena, mazao hushuka. Alipaswa pia kuelezwa sababu. La sivyo, angedhani ni hila ya wauzaji.

Mwongozo mmoja hautoshi

Mji wa Kitale uko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Bungoma iko takriban mita 1,400. Tofauti hiyo hubadilisha maagizo. Mbegu za kundi la 600, kama vile H614, hukusudiwa nyanda za juu na huchukua muda mrefu kukomaa. Zile za kundi la 500, kama vile H513, hufaa maeneo ya mwinuko wa wastani.

Lakini hata ndani ya Kaunti ya Bungoma, mkulima wa Kapsokwony katika miteremko ya Mlima Elgon hana hali ya hewa sawa na mwenzake aliye karibu na mji wa Bungoma. Mwandishi anayenakili maelezo ya Kitale na kubadilisha jina la mji tu atampotosha mmoja kati yao. Swali la kwanza la kazi hii, basi, ni hili: Anayesoma ni nani, na yuko wapi?

Hesabu ya shimo moja

Ekari moja ina takriban mita 4,047 za mraba. Mahindi yakipandwa kwa nafasi ya sentimita 75 kati ya mistari na sentimita 30 kati ya mashimo, mbegu moja kila shimo, ekari hiyo itakuwa na mashimo 18,000 hivi. Nafasi ya sentimita 30 ikipunguzwa hadi 25, idadi inapanda hadi karibu 21,600. Namba moja iliyokosewa na mpiga chapa imeongeza mashimo 3,600, na kila shimo linadai mbegu na mbolea.

Iwapo mtaalamu amependekeza mfuko mmoja wa mbolea wa kilo 50 kwa ekari, mashimo hayo 18,000 yatapata chini kidogo ya gramu tatu kila moja. Mkulima hana mizani ya gramu shambani, kwa hivyo huambiwa atumie kifuniko cha soda. Ni kifuniko kilichosawazishwa ukingoni au kilichojaa na kuinuka juu? Kikibeba gramu tano, mfuko utaisha kwenye shimo la 10,000, na karibu nusu ya shamba itabaki bila mbolea.

Hapo ndipo mwandishi hodari anapotambulikana. Hatosheki na alichoambiwa. Huchukua kifuniko, akakijaza mara kadhaa, akapima kwenye mizani, kisha ndipo aandike.

Sentensi mbili, matokeo mawili

Mfano wa maelezo mabovu ni huu: "Inafaa mbolea itiwe kwa kiwango kinachopendekezwa kabla ya kupandwa kwa mbegu na ihakikishwe kwamba hazigusani." Sentensi hiyo haina kosa la sarufi, lakini haimwambii mtu afanye nini kwanza wala atumie kiasi gani.

Maelezo mazuri yangesema hivi:

1. Chimba shimo.
2. Tia mbolea kwa kipimo ulichopewa.
3. Funika mbolea kwa udongo kidogo, ili isiunguze mbegu.
4. Weka mbegu moja.
5. Fukia shimo.

Kila hatua ina kitendo kimoja. Kitenzi kimetangulia. Palipo na hatari, sababu imetolewa kwa maneno machache. Sekta ya ndege duniani ilijifunza somo hili mapema: kanuni za Kiingereza sahili kwa ajili ya mafundi wa ndege, zilizotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1986, huzuia sentensi ya maagizo isizidi maneno 20. Katika Kiswahili, ambapo neno moja kama "hazigusani" hubeba mengi, sentensi yapaswa kuwa fupi hata zaidi.

Neno linapogusa uhai

Mwaka 2004, watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafa Mashariki mwa Kenya, hasa katika maeneo ya Makueni na Kitui, kwa kula mahindi yenye sumu ya aflatoksini. Sumu hiyo hutokana na kuvu inayostawi katika nafaka iliyohifadhiwa ikiwa na unyevu. Wakulima hushauriwa wakaushe mahindi hadi unyevu ufike asilimia 13.5.

Lakini mkulima asiye na kifaa cha kupimia ataijuaje asilimia hiyo? Kuna njia ya chumvi. Punje hutiwa ndani ya chupa kavu ya kioo pamoja na chumvi kavu, chupa ikatikiswa na kuachwa itulie kwa dakika 15. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi bado ni mabichi. Mwandishi asiyedadisi ataishia hapo na kuandika kwamba chumvi isiponata, mahindi yako tayari. Anayedadisi atagundua kwamba jaribio hilo huonyesha unyevu uliozidi asilimia 15 hivi. Chumvi isiponata, basi, haimaanishi kwamba asilimia 13.5 imefikiwa. Ataongeza sentensi moja: "Chumvi isiponata, endelea kuanika, kisha pima kwa kifaa kabla ya kuhifadhi."

Dawa za wadudu nazo zina mtego wao. Kiwango kikitolewa kwa hekta, mkulima anayehesabu kwa ekari na kunyunyizia kwa bomba la mgongoni la lita 20 hana namna ya kukitumia, maadamu hekta moja ni sawa na ekari 2.47. Viwavijeshi vamizi walipoingia Magharibi ya Kenya mwaka 2017, wakulima walihitaji maelezo kwa haraka kuhusu mdudu ambaye hawakuwa wamemwona. Maelezo kama hayo hayana budi kutaja kipimo kwa bomba, mavazi ya kujikinga na siku za kusubiri kabla ya kuvuna.

Namna ya kuanza

Hakuna shahada moja inayodaiwa na kila mwajiri. Wengine huingia kupitia lugha na uanahabari, wengine kupitia kilimo, uhandisi au sayansi ya tarakilishi. Eneo hili lina Chuo Kikuu cha Kibabii, kilichopata hati yake mwaka 2015, na Chuo cha Kitaifa cha Kiufundi cha Kitale. Anayesomea lugha hana budi kujifunza fani moja ya ufundi hadi aweze kuuliza maswali ya maana. Anayesomea ufundi anafaa aifanyie lugha mazoezi kila siku.

Hatua ya pili ni kukusanya kazi za mfano. Mwajiri atataka kuona maandishi kabla ya vyeti. Anayeanza achague vitu vitatu vilivyo karibu naye, kwa mfano kukausha mahindi, kusafisha bomba la kunyunyizia na kufungua akaunti ya huduma fulani ya mtandaoni, kisha aandikie kila kimoja mwongozo wa ukurasa mmoja.

Hatua ya tatu, ambayo wengi huiruka, ni kuujaribu mwongozo. Mpe mtu ambaye hajawahi kufanya kazi hiyo, kisha nyamaza. Usimwelekeze. Andika kila mahali anaposita, anaporudi nyuma au anapofanya kinyume. Anapokosea, usimlaumu msomaji, irekebishe sentensi. Hifadhi nakala ya kwanza na ya mwisho pamoja na maelezo ya kilichobadilika. Mwajiri atajifunza mengi zaidi kutokana na nakala hizo mbili kuliko barua ndefu ya kuomba kazi.

Baada ya hapo, tafuta mahali ambapo maarifa huzalishwa na yanahitaji kuwafikia watu. Shirika la One Acre Fund lilianza kazi yake Bungoma mwaka 2006 likiwa na familia zisizozidi 40. Karibu na Kitale, kituo cha Manor House kimefunza kilimo hai tangu miaka ya 1980. Kuna pia vituo vya utafiti, vyama vya ushirika, hospitali na idara za kaunti. Si wote wanaotangaza nafasi ya "mwandishi wa kiufundi". Mara nyingi kazi hiyo hujificha chini ya majina kama afisa wa mawasiliano, mwandaaji wa mafunzo au mhariri.

Kwa anayelenga kazi za mtandaoni, miradi ya programu huria hukaribisha watu wa kuboresha maelezo yake. Tafsiri nayo ni mlango mwingine: mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa programu ya ofisi ya Kiswahili iliyopewa jina Jambo.

Lugha, malipo na haki

Katiba ya 2010, katika kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kifungu cha 46 kinampa mtumiaji wa bidhaa haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike nazo kikamilifu. Vifungu hivyo viwili vikisomwa pamoja, maelezo yanayoeleweka si hisani ya muuzaji.

Hata hivyo, mwandishi achague istilahi kwa kumfikiria msomaji. "Tarakilishi" na "kompyuta" yote ni maneno yanayojulikana. Kosa ni kutumia moja kwenye hatua ya kwanza na jingine kwenye hatua ya tatu, msomaji akadhani ni vyombo viwili.

Kuhusu malipo, patana kwa maandishi kabla ya kuanza: malipo ni kwa neno, kwa ukurasa, kwa saa au kwa kazi nzima? Ni marekebisho mangapi yamejumuishwa? Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 2001, kazi iliyoagizwa au iliyofanywa na mwajiriwa kazini huhesabiwa kuwa ya aliyeiagiza au ya mwajiri, isipokuwa pawe na mapatano tofauti. Kwa hivyo, anayetaka kuonyesha kazi hiyo kwa wengine aombe idhini mapema.

Tangu ChatGPT ilipotolewa mwaka 2022, wengi wameuliza kama kazi hii itasalia. Ni kweli kwamba programu hizo huandika rasimu kwa sekunde chache, na anayetegemea ufasaha pekee ana sababu ya kuwa na wasiwasi. Lakini rasimu hiyo haijajaza kifuniko cha soda na kukipima kwenye mizani, wala haijasimama kando ya shamba kumtazama mkulima akisita kwenye hatua ya tatu. Anayeanza leo na aanzie hapo.