Dhamiri ya Vienna, masamva ya Usukuma

Mwaka 1923 daktari wa nafsi Sigmund Freud alichapisha kitabu kidogo kilichoigawa nafsi ya binadamu mafungu matatu. Idi ni tamaa zisizojua kesho. Supaego ni sauti ya wazazi na jamii iliyohamia ndani ya mtu, ikikataza na kusuta. Ego huzipatanisha mbili hizo na hali halisi ya dunia. Mkulima wa Zagayu, Usukuma, aliyetoka kuuza pamba anazifahamu hata kama hajasikia majina yake: moja yataka fedha zote ziishie mnadani, nyingine yamkumbusha ada za watoto, ya tatu yapiga hesabu.

Freud aliishi Vienna, na miaka 10 kabla ya hapo aliandika juu ya miiko ya jamii za mbali kwa kutegemea vitabu vya wengine. Aliyekuja Tanganyika kuketi na wenyeji ni mzaliwa wa mji huohuo, Hans Koritschoner. Mwaka 1936 alichapisha makala kuhusu ngoma ya shetani kama tiba ya maradhi ya nafsi. Baadaye, kwa jina la Hans Cory, alikuwa mtaalamu wa jamii wa serikali ya Tanganyika, na mwaka 1953 akatoa kitabu cha sheria na mila za Wasukuma.

Kwa Wasukuma, mgonjwa alipopelekwa kwa nfumu, yaani mganga, hakuulizwa ndoto zake kama kwa Freud. Kuku alipasuliwa, matumbo yakasomwa: ni masamva gani, yaani wahenga, waliosahauliwa? Nani ana kinyongo? Ugomvi ambao Freud aliukuta ndani ya mtu mmoja, hapa ulitafutwa katika ukoo na ujirani.

Baadhi ya wakoloni waliona kutafuta chanzo cha ugonjwa nje ya mtu kuwa upungufu. Daktari J.C. Carothers, aliyeongoza hospitali ya Mathari jijini Nairobi, alimfananisha Mwafrika na Mzungu aliyepasuliwa sehemu ya mbele ya ubongo, na mwaka 1954 akaandika kuhusu uasi wa Mau Mau kana kwamba kudai ardhi ni ugonjwa.

Lakini Freud mwenyewe alifundisha kwamba supaego huanzia nje, kwa wazazi. Tofauti ni mahali deni linapobaki. Masamva wakidai, ukoo hukutana, hutambika, na waliokosana husemezana mbele ya mashahidi. Anayedaiwa na supaego yake hana mlango wa kubisha hodi. Ndiyo maana tiba ya Freud iliweza kuchukua miaka, na mgonjwa aliifanya bila nduguze.