Nani Aigize Askari?

Nikiwa kidato cha tatu hapa Ifakara tulicheza mchezo wa Maji Maji. Mjerumani tulimpata kirahisi. Kijana mmoja mweupe alipakwa unga wa sembe usoni, akavishwa kofia ya boksi, akapewa fimbo. Mashujaa wetu walikuwa kama thelathini, vifua wazi, mikononi mikuki ya mianzi. Vita vikaanza. Mjerumani mmoja akawaelekezea fimbo yake mashujaa thelathini, wote wakaanguka. Watu wakapiga makofi, mchezo ukaisha.

Jioni nikamsimulia bibi yangu mzaa baba. Alinisikiliza huku akipepeta mchele. Nilipomaliza akaniuliza, "Sasa mume wangu, huyo Mzungu alikuwa peke yake? Askari wake walikwenda wapi?"

"Bibi, ule ni mchezo tu."

"Haya, mchezo tu," akasema, akaendelea na ungo wake.

Ndugu msomaji, swali lile limenikaa kooni kama mwiba wa perege. Ndoto yangu mimi ni riwaya, lakini kwa mwaka mzima sasa nimekuwa nikiandika mchezo wa televisheni wa sehemu sita, habari za vita vile katika bonde letu la Kilombero. Na kila nikifika kwenye boma la Mahenge, kalamu inagoma. Hebu nieleze kwa nini.

Vita vilianza Julai 1905 kule Umatumbi, watu walipong'oa pamba waliyolazimishwa kulima. Maji ya dawa yalisambaa haraka, na mwezi uliofuata yalikuwa yameshafika kwetu. Agosti 30, 1905, maelfu ya Wapogoro na Wambunga walilishambulia boma la Mahenge, milimani kusini ya Ifakara. Waliamini kwamba risasi zitageuka maji. Ndani ya boma kulikuwa na bunduki mbili za rashasha, zile wazee walizoziita bombomu. Risasi hazikugeuka. Watu walianguka kwa mamia.

Sasa sikiliza hesabu ya waliokuwamo bomani. Mkuu wao alikuwa Luteni von Hassel. Chini yake palikuwa na askari kama 60, wote Waafrika, na pamoja nao wenyeji mia kadhaa walioshikamana na Mjerumani. Basi. Wazungu ungewahesabu kwa vidole. Jeshi la Wajerumani nchini liliokota askari kila mahali: Sudan, Msumbiji, Unyamwezi, Umanyema. Na hapa hapa bondeni, Mtema Kiwanga wa Wabena alisimama upande wa Wajerumani, maana alikuwa na ugomvi na majirani zake uliokuwa mzee kuliko maji ya dawa.

Kwa hiyo mchezo wetu wa shule ulisema uongo, na uongo wenyewe haukuwa katika kofia ya boksi. Kofia ya boksi naisamehe. Uongo ulikuwa katika kugawa nafasi. Tuliweka weusi upande huu na mweupe upande ule, tukawafuta watu wote waliosimama katikati.

Nilipomsomea bibi sehemu ya kwanza ya mchezo wangu mpya, aliuliza swali lile lile. Safari hii nikamwuliza na mimi, "Bibi, kwani hao askari wanakuhusu nini?"

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Babu yangu alikuwamo mle ndani."

Kumbe! Alikuwa Mnyamwezi, alikuja na bunduki ya Mjerumani, baadaye akaoa Mpogoro, akalima mpunga, akazikwa hapa. Upande wa mama mimi ni Mbunga. Yaani katika damu yangu yumo aliyekimbilia boma na mkuki, na yumo aliyemsubiri nyuma ya ukuta. Ningekuwa sijaandika bado, ningeweza kunyamaza. Lakini nilikuwa nimeshaandika, na nilikuwa nimeshamfuta.

Huenda wewe utaniambia: bwana, mwandishi ana ruhusa ya kubuni. Ni kweli. Ebrahim Hussein, katika tamthilia yake ya Kinjeketile iliyotoka 1969, alieleza mapema kwamba mhusika wake ni mtu wa kubuni, si nakala ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aliyenyongwa na Wajerumani Agosti 1905. Hakuna aliyeonewa. Lakini kubuni ni kitu kimoja, kufuta ni kingine. Ukibuni mtu ambaye hakuwepo, msomaji anakuelewa. Ukimfuta aliyekuwepo, umebadilisha vita vyenyewe, na mtazamaji hajui kwamba ameibiwa.

Wenzetu wa Uingereza waligombania jambo kama hili mwaka 2017. Ulitoka mchezo wa televisheni uitwao Guerrilla, kazi ya Mmarekani John Ridley, habari za vijana wa London waliochukua silaha kupigania haki za weusi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mwanamke mkuu katika mchezo huo aliigizwa na Freida Pinto, Mhindi. Watu wakauliza: wanawake weusi wako wapi? Maana Black Panther wa Uingereza kweli waliongozwa na mwanamke mweusi, Altheia Jones-LeCointe, mzaliwa wa Trinidad. Waliotetea mchezo nao walikuwa na hoja: Wahindi walikuwamo katika harakati zile, mmojawapo Mala Sen. Pande zote mbili zilisema kweli. Mhindi kuwepo halikuwa kosa. Kosa, kwa maoni yangu, ni kwamba kiti cha mbele cha dada yule wa Trinidad hakikuonekana. Mwaka 2020 Steve McQueen alitoa filamu ya Mangrove, kuhusu kesi ya watu tisa iliyosikilizwa London mwaka 1971, na humo Letitia Wright akamwigiza Altheia akijitetea mwenyewe mahakamani. Kiti kikapata mwenyewe.

Lakini kisa kinachoninyima usingizi ni cha mtu wa kwetu. Bayume Mohamed Husen alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, baba yake askari wa Mjerumani. Vita Kuu ya Kwanza ilipokuja, naye akaingia jeshini akiwa mtoto bado. Mwaka 1929 alikwenda Berlin kudai mishahara yao ambayo haikulipwa. Hakulipwa. Akabaki huko, akawa mhudumu wa hoteli, akafundisha Kiswahili, akaigiza katika filamu zaidi ya 20. Mwaka 1941, chini ya Hitler, ilitoka filamu ya kumtukuza Carl Peters, yule yule aliyeitwa Mkono wa Damu. Husen alipewa nafasi ya kiongozi wa njia, mtumishi mwaminifu wa bwana wake. Baadhi ya Waafrika wengine waliojaza filamu ile walikuwa mateka wa vita. Mwaka huo huo Husen alikamatwa kwa kosa la kupendana na mwanamke mweupe. Alipelekwa kambi ya Sachsenhausen bila kesi, akafia huko Novemba 24, 1944.

Angalia basi. Wajerumani walimpa askari nafasi katika mchezo wao, lakini walimtaka atabasamu tu. Sisi hatukumpa nafasi kabisa. Wao walimfanya mbwa, sisi tukamfanya hewa. Hakuna aliyemwuliza kwa nini alishika bunduki: ni mshahara, ni woga, ni kisasi, au hakuwa na pa kwenda?

Simtetei. Vita vile viliua watu wasiopungua 75,000 kwa hesabu ya Wajerumani wenyewe, na wanahistoria wetu wanataja mpaka 300,000, wengi wao kwa njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa. Waliochoma walikuwa na viberiti vya Mzungu, lakini mikono mingi ilikuwa myeusi. Hilo lisiposemwa, watoto wetu watadhani kwamba dhuluma huja na rangi moja tu, na siku ikija na rangi yao hawataitambua.

Basi sehemu ya tatu nimeiandika upya. Sasa ndani ya boma kuna sauti: Kinyamwezi, Kiarabu cha Sudan, Kiswahili. Kuna askari mmoja kijana anayewaona Wambunga wakipanda mlima, na anamjua mmoja wao, maana juzi alimwuzia samaki. Huyo nimembuni. Lakini mahali anaposimama sikupabuni.

Juma lililopita tuliisoma kwa sauti, vijana saba, nyuma ya duka la rafiki yangu. Wote walitaka kuwa Wambunga. Yule wa Mjerumani alipatikana baada ya mzaha kidogo. Nilipouliza nani atasoma askari, kila mtu alitazama karatasi yake.

Nikasoma mwenyewe. Nilipofika pale anapoinua bunduki sauti ilinitetemeka, na haikuwa sanaa. Jumapili nitamsomea bibi.