Mwenye Kisu Kikali Ndiye Alaye Nyama

Kila mwisho wa juma vibanda vya video mitaani mwetu hujaa vijana waliolipa kiingilio kutazama mpira wa Uingereza. Mpira ule uliingiaje ndani ya dishi? Tumtazame mtu mmoja, Alan Sugar.

Alizaliwa mwaka 1947 huko Hackney, mashariki ya London, katika familia ya hali ya chini. Mwaka 1968, akiwa na miaka 21, alianzisha kampuni ya Amstrad. Siri yake haikuwa uvumbuzi, bali kuuza redio, na baadaye kompyuta, kwa bei ambayo mtu wa kawaida aliimudu.

Televisheni ya Sky ya Rupert Murdoch ilipoanza mwaka 1989, Amstrad ilitengeneza madishi yake. Mwaka 1991 Sugar na Terry Venables wakainunua Tottenham, klabu iliyoelemewa na madeni. Mguu mmoja ukawa uwanjani, wa pili dukani.

Mei 1992 wakuu wa klabu walikutana London kuamua nani aonyeshe Ligi Kuu mpya. Sugar aliwapigia simu Sky na kuwahimiza wapandishe dau. Hakuficha kwamba ana maslahi. Wenzake walimruhusu apige kura, naye akaipigia Sky. Sky ikashinda, kwa mkataba uliotangazwa kuwa wa pauni milioni 304 kwa miaka 5. Mechi za ligi ambazo Waingereza walizitazama moja kwa moja bila malipo ya ziada, sasa zilihitaji dishi na ada.

Mpira wenyewe haukumpa raha. Mwaka 1993 alimfukuza Venables, mashabiki wakamgeuka, na mwaka 2001 akauza hisa zilizompa mamlaka. Amstrad aliiuza mwaka 2007 kwa pauni milioni 125. Mnunuzi? Sky hao hao. Tangu mwaka 2005 BBC imemwonyesha akiwafukuza washindani wa kipindi cha biashara, na mwaka 2009 akaingia Baraza la Malodi.

Ni kweli, fedha za televisheni zimejenga viwanja na kuleta wachezaji hodari. Lakini siku ile ya mwaka 1992 mshabiki, ambaye ndiye mlipaji, hakuwa na kura. Basi haki za kutangaza ligi zetu zinapouzwa, tusiulize bei tu. Tuulize pia: walioketi mezani, nje ya mkutano wanauza nini?