Lau Tanga Ingalitwaliwa

Maji yakimwagika hayazoleki. Lakini mwanahistoria hana budi kuuliza yalimwagikia wapi. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, kwa Afrika Mashariki, pa kuanzia ni Tanga.

Tarehe 2 Novemba 1914 jeshi la Waingereza la watu wapatao 8,000, wengi wao kutoka Bara Hindi, lilifika kwa merikebu chini ya Jenerali Aitken. Mji ulikuwa na ulinzi haba. Lakini nahodha wa manowari Fox alishuka kwanza kuwaarifu Wadachi kuwa mapatano ya kutoushambulia mji yamekwisha. Von Lettow-Vorbeck akapata nafasi ya kuleta askari kwa reli kutoka Moshi. Kwa watu kama 1,000 akashinda, na Waingereza wakaondoka wakiacha bombomu 16 na risasi tele.

Lau wangaliingia bandarini siku ile ile bila ya kuarifu, yamkini mji ungalitwaliwa. Je, vita vingalikwisha? Si lazima: reli ya Dar es Salaam hadi Kigoma ingalibaki kwa Wadachi. Lakini Gavana Schnee, aliyetaka koloni liepushwe na vita, angalipata hoja, na silaha zile zisingalimfikia Lettow.

Lettow alipigana hadi Novemba 1918. Wapagazi wa pande zote mbili walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi na njaa. Jina la Kariakoo latokana na kikosi chao. Hao ndio wa kufikiriwa kwanza kila itajwapo "lau" ya Tanga.