Wiki Binafsi na Kufuli Lililochelewa Miaka Ishirini

Wiki ninayotaka kuizungumzia leo si ile ya siku saba. Ni tovuti ambayo kurasa zake huandikwa na kurekebishwa papo hapo ndani ya kivinjari. Mimi ninayo yangu kwenye seva yangu ndogo. Humo nimeweka maelezo ya kazi, tarehe za kliniki za mama, na hesabu za chama chetu. Mwaka jana niligundua kwamba mtu yeyote duniani angeweza kuyasoma hayo yote. Kosa lilikuwa langu na nitalieleza. Lakini tuanze na historia, kwa sababu kosa hilo lina ukoo mrefu.

Wiki ya kwanza, WikiWikiWeb, ilizinduliwa na Ward Cunningham wa Portland, Marekani, tarehe 25 Machi 1995. Jina alilipata kwenye basi la uwanja wa ndege wa Honolulu lililoitwa Wiki Wiki. Kwa Kihawaii ni kusema haraka haraka. Nyumba hiyo haikuwa na mlango: mgeni yeyote aliweza kuhariri ukurasa bila kujisajili. Hivyo ndivyo Cunningham alivyotaka. Waandishi wa programu wabadilishane mbinu, na atakayeona kosa alirekebishe mwenyewe.

Ajabu ni kwamba makufuli nayo yalizaliwa mwaka huohuo wa 1995. Netscape ilitoa SSL 2.0, ya kusimba mawasiliano kati ya kivinjari na seva. Kule Ufini, Tatu Ylönen aliandika SSH baada ya maneno ya siri kunaswa kwenye mtandao wa chuo kikuu chake. Basi kwa nini nyumba na kufuli havikukutana mapema? Sababu kubwa ni pesa. Ili kivinjari kiiamini seva yako, ilibidi ununue cheti na kukilipia tena kila kilipoisha muda. Benki na maduka yalilipa. Mtu mwenye daftari lake la siri hakuona haja.

Mwaka 2004 wiki za mtu mmoja zilipata nguvu: Andreas Gohr alitoa DokuWiki, na Jeremy Ruston akatoa TiddlyWiki. Wengi waliotaka faragha walitumia neno la siri la seva, ile njia iliyoelezwa katika waraka wa HTTP/1.0 wa Mei 1996. Shida ni kwamba bila usimbaji, njia hiyo hubadilisha sura ya herufi tu kwa Base64. Jina juma na neno la siri siri, yaani juma:siri, husafiri kama anVtYTpzaXJp. Yeyote anayesikiliza njiani hulirudisha kwa sekunde moja, bila ufunguo wowote. Oktoba 2010 Eric Butler alitoa Firesheep, kiongezo cha Firefox kilichomwezesha hata asiye mtaalamu kuingia kwenye akaunti za wenzake waliotumia wifi moja ya wazi. Hapo watu wakashtuka. Lakini vyeti vya bure vilifunguliwa kwa umma na Let's Encrypt Desemba 2015 tu. Hesabu mwenyewe: miaka ishirini.

Haya, sasa kosa langu. DokuWiki huhifadhi kurasa kama faili za maandishi ya kawaida ndani ya folda iitwayo data. Kwenye Apache, faili ya .htaccess huifunga folda hiyo. Nginx haisomi .htaccess, ni lazima uandike amri ya kuifunga katika mipangilio yake. Nilipohama kutoka Apache kwenda nginx, sikuiandika. Mlango wa mbele uliuliza neno la siri, lakini dirisha la nyuma lilikuwa wazi. HTTPS yangu ililinda safari ya faili ambayo kila mtu aliruhusiwa kuichukua.

Kwa hiyo fanya hivi. Kwanza, weka neno la siri kwenye seva yenyewe, mbele ya wiki yote, na juu ya HTTPS. Pili, tumia kivinjari ambacho hujaingia nacho, kisha omba faili moja ya folda ya data moja kwa moja. Ikifunguka, hujafunga. Tatu, usitegemee anwani isiyojulikana. Tangu 2018 Chrome hudai vyeti vipya viandikwe katika daftari za wazi, na humo jina la seva yako husomeka. Nayo robots.txt, iliyobuniwa 1994, ni ombi tu kwa roboti zenye adabu. Nne, kama msomaji ni wewe peke yako, usiifungue wiki kwa umma kabisa. Ifikie kupitia SSH, au WireGuard iliyoingia katika kiini cha Linux 5.6 Machi 2020.

Wenzangu wa chama niliwaambia, maana hesabu zile hazikuwa zangu peke yangu. Mama naye nilimweleza. Aliuliza swali moja tu: "Sasa umefunga?" Nimefunga, mama. Na wewe msomaji, usiku wa leo jaribu dirisha la nyuma kabla hujalala.