Kiporo Kwanza

Kazi yangu hapa Nungwi ni kujaza mitungi ya wazamiaji, na sehemu kubwa ya kazi hiyo inataka chaki zaidi kuliko kompresa. Umeme ukikatika, hewa hutoka kwenye mitungi ya akiba, lita 50 kila mmoja, ikaingia kwenye ile ya lita 12 ambayo wageni hubeba mgongoni. Mkubwa humimina kwenye mdogo mpaka presha zilingane, basi. Mzee aliyenifundisha aliandika hesabu yake nyuma ya mlango: lita mara baa kwa kila mtungi, jumlisha, kisha gawa kwa lita zote. (Vijana wageni kazini hucheka wakisikia baa 200. Wanadhani tunazungumzia pombe.)

Chukua mkubwa wenye baa 230 na mdogo uliorudi kutoka baharini na baa 50. Hamsini mara 230 ni 11,500. 12 mara 50 ni 600. Jumla 12,100, gawa kwa 62, unapata 195. Mgeni wa kwanza anashukuru. Wa pili, kutoka mtungi uleule, anapata 167 na kuanza kununa. Ndiyo maana Mzee alinikataza kukimbilia mtungi ulioshiba. Anza na uliochoka, tuseme wenye baa 150, uupandishe mdogo hadi 130 na ushei. Hapo ndipo ufungue wa 230, nao mdogo unafika 210. Wa pili akipita njia hiyohiyo anapata 192. "Kiporo kwanza," alikuwa akisema, "wali wa moto baadaye."

Kanuni iliyo nyuma ya hesabu ile ya mlangoni Robert Boyle aliichapisha mwaka 1662. Alikuwa na mrija wa kioo uliopinda kama ndoano, mkono mfupi umezibwa, na ule mrefu ulikuwa mrefu mno kusimamishwa chumbani, ikabidi autegeshe kwenye ngazi za nyumba. Akamimina zebaki. Ilipozidi upande mrefu kwa inchi 29 hivi, uzito unaokaribia ule wa hewa yote iliyo juu yetu, hewa iliyonaswa upande mfupi ikapungua ikawa nusu. Presha mara mbili, nafasi nusu. Mlango wa Mzee ulianzia kwenye ngazi zile.

Waliotangulia kuitegemea hewa iliyoshindiliwa walikuwa watu wa bunduki, na lugha yetu inawafaa, maana sisi tunashindilia hewa kama babu zetu walivyoshindilia gobori. Karibu mwaka 1780 jeshi la Austria lilichukua bunduki ya hewa ya Girardoni, ambayo kitako chake kilikuwa ndicho mtungi. Kukijaza kwa pampu ya mkono kulitaka misukumo karibu 1,500, kwa risasi 30 hivi zenye nguvu ya kutosha. Askari alibeba vitako vya akiba, na baadaye ikaletwa pampu ya kukokotwa kwa gari. Mimi huwaza mikono ya yule askari kila kompresa inapogoma.

Hewa ikaja kuingia majini kwa mlango wa nyuma. Rouquayrol, mhandisi wa migodi wa Ufaransa, alitengeneza kifaa cha kuwaokoa wachimbaji, na katika miaka ya 1860 Denayrouze, ofisa wa jeshi la majini, akakipeleka kwa wazamiaji. Lakini ninayempenda zaidi ni Yves Le Prieur. Mwaka 1926, kwenye bwawa la kuogelea la Tourelles jijini Paris, alionyesha chombo kilichomwacha mzamiaji aende bila mpira wa hewa kutoka juu. Chupa aliyotumia ilikuwa ya Michelin, lita 3 kwa presha ya baa 150 hivi, iliyotengenezwa kwa ajili ya kujazia matairi ya magari! Hata Gagnan, aliyeunda vali ya kupumulia majini na Cousteau mwaka 1943, alikuwa amehangaika na magari yaliyokosa petroli wakati wa vita.

Joto halimo katika hesabu ya Boyle, nami nililipa ada yake. Mwaka wangu wa pili kazini nilijaza haraka, mtungi ukawa wa moto kiasi cha kuudondosha, nyuzi 60 hivi, na geji ikasoma 200. Asubuhi, kwenye nyuzi 28, ikasoma 181, na mteja akaniita mwizi mbele ya boti nzima. Mzee hakunigombeza. Alichukua chaki akaongeza mlangoni: Taratibu.

Juzi umeme ulikatika tena, nikapiga hesabu ya chupa ya Le Prieur kwa mtungi wangu mmoja wa lita 50 wenye baa 230. Kila chupa tupu ingekula lita 450, na mkubwa ungeshuka baa 9. Ningejaza chupa 8 kamili. Ya 9 ingeishia 149, baa moja tu pungufu, ilhali mtungi mkubwa bado una lita zaidi ya 7,400 ndani yake.