Ushirika ni wa nani?

Ukiwa Vwawa ukasikia "kesho kuna mkutano wa ushirika", uliza kwanza: wa kahawa au wa kanisa? Mkoani Songwe neno hili hubeba yote mawili. Wakulima wa Mbozi huuza kahawa kupitia vyama vya ushirika. Wamoraviani nao huliita kusanyiko lao la mahali ushirika, na muumini mshirika. Walutheri husema usharika na msharika. Irabu moja tu!

Mzizi ni wa Kiarabu, ule ule wa shirki, dhambi ya kumshirikisha Mungu na kingine. Mwislamu huiogopa kuliko zote.

Mimi nalipenda neno "mshirika" kuliko "muumini". Mtu anaweza kuamini akiwa peke yake chumbani, lakini mshirika lazima awe na wenzake. Vita Kuu ya Kwanza ilionyesha hilo: Waingereza walipoliteka eneo hili mwaka 1916, wamisionari Wajerumani wa misheni ya Kimoraviani ya Mbozi waliondolewa. Walimu na wazee wenyeji, Wanyiha, wakabaki na Jumapili zao, wakisalisha na kufundisha.

Na sokoni Tunduma, mshirika ni mtu wa Nakonde, upande wa Zambia, mnayegawana naye faida.